Kwenu ni Wapi? Somo juu ya majirani walioitwa wageni

Somo la safari hii limetayarishwa kwa ajili ya vikundi: vikundi vya akina mama, vya vijana, vya wakulima, na jumuiya zozote zinazokutana kuzungumza mambo ya mtaa wao. Ni refu kidogo, kwa hiyo msione haya kulisoma kwa mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Wazee wasioshika kalamu wasiachwe nyuma, maana katika jambo hili wao ndio kitabu chenyewe. Wanajua nani alikuja lini, alifuata nini, na alipokelewa na nani.

Kwanza igizo fupi. Watu wawili wasimame mbele. Mmoja awe karani wa usajili wa watu, mwingine awe msichana aliyetimiza miaka 18 na kumaliza kidato cha nne. Sisi tumeliweka Msambweni, katika Kwale, lakini mnaweza kulihamishia kwenu.

MSICHANA: Shikamoo, mzee.
KARANI: Marahaba. Una shida gani?
MSICHANA: Nimekuja kuandikisha kitambulisho.
KARANI: Kwenu ni wapi?
MSICHANA: Hapa hapa, Msambweni.
KARANI: Hapo ndipo unapokaa. Nakuuliza kwenu. Kwenu hasa.
MSICHANA: Nimezaliwa hapa, mzee. Na mama amezaliwa hapa.
KARANI: Na baba?
MSICHANA: Hapa pia.
KARANI: Babu je?
MSICHANA: Babu alikuja kukata miwa. Alitoka Msumbiji.
KARANI: Haya, sasa tumefika. Nenda Msumbiji wakakupe.

Igizo likiisha, msikimbilie kujadili sheria. Mwulizeni kwanza aliyecheza msichana alijisikiaje. Kisha mwulizeni karani. Mara nyingi karani atasema hakumtukana mtu, aliuliza tu. Na ni kweli. "Kwenu ni wapi?" ni swali tunalouliza kila siku, katika matatu, msibani, na hasa mtoto wetu anapoleta mchumba nyumbani. Kwa kawaida ni swali la kujuana. Lakini swali hilo hilo likikaa nyuma ya meza, likiwa na muhuri mkononi, linaweza kumfanya mtu akose nchi.

Swali hili lilitoka wapi

Tukitaka kusema kweli, hakuna anayeweza kulijibu hadi mwisho. Wamijikenda wenyewe husimulia kwamba wazee wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakashuka pwani hadi kwenye kaya zao. Wajaluo wanasimulia safari ya kutoka Sudan kufuata mto Naili. Wamasai nao walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Kila kabila katika Kenya lina hadithi ya kuhama, na tunaisimulia kwa fahari. Ajabu ni kwamba aliyehama miaka mia nne iliyopita anaitwa mwenyeji, na aliyehama miaka tisini iliyopita anaitwa mgeni.

Mpaka kati ya hao wawili uliwekwa na serikali ya kikoloni. Waingereza waligawa nchi kwa rangi, kisha wakawagawa Waafrika kwa makabila. Kila kabila likapewa rizavu yake. Nyanda za juu zenye rutuba wakawekewa Wazungu, na Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Hospitali, shule, mitaa ya Nairobi, hata vyoo, vyote vilikuwa kwa ngazi tatu: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mshahara ulifuata ngazi hiyo hiyo, hata kama kazi ilikuwa moja.

Ndipo kikaja kipande. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi waliiweka ndani ya kikebe cha chuma na kukining'iniza shingoni. Mzungu hakubeba kipande, wala Mhindi. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi alikamatwa. Wazee wetu walikichukia mno, na si ajabu hadi leo kitambulisho tunakiita kipande.

Sasa angalieni vizuri. Kama karatasi inauliza kabila, na kabila linaonyeshwa kwa rizavu, mtu asiye na rizavu anakuwa nani? Anakuwa si wa mahali popote. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, waliokaa nyuma ya meza walibadilika. Maswali ya kwenye fomu hayakubadilika sana.

Waliokuja na reli

Tuwaseme Wahindi kwa ufupi, maana wao hutajwa kwanza kila neno "mgeni" linapotajwa. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kazini, kwa magonjwa, ajali na hata kwa simba wa Tsavo. Wengi waliobaki hai walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wapatao 6,700 tu ndio waliobaki huku. Wenye maduka tuliowazoea wengi walikuja baadaye kwa nauli zao.

Kati ya waliokuja baadaye alikuwako kijana Makhan Singh, aliyefika Kenya mwaka wa 1927 kumfuata baba yake. Mwaka wa 1935 alisaidia kuanzisha chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo serikali haikulipenda hata kidogo. Alipokwenda India na kurudi mwaka wa 1947, serikali ilijaribu kumfukuza nchini kama mgeni asiyetakiwa, ikashindwa mahakamani. Mwaka wa 1949 yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, akakaa kizuizini hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja! Mwenzake, Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi kutoka Goa, naye aliwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari, kisha akauawa kwa risasi Februari 1965, Kenya ikiwa huru tayari.

Nawataja hawa wawili kwa sababu vijana wengi hawawajui. Wanamjua tu Mhindi wa dukani asiyemwamini mfanyakazi wake na anayemwita mtu mzima "boi". Huyo naye yuko, tusimfiche. Ubaguzi wa rangi haukai upande mmoja wa kaunta. Lakini pia tusisahau Agosti 1982, siku ya jaribio la kupindua serikali, maduka ya Waasia yalipovunjwa na wanawake wao wakanajisiwa ndani ya nyumba zao, na watu wengine wakaona ni haki yao kwa sababu "si kwao". Kikundi chenye ujasiri kizungumze pande zote mbili. Mwaka wa 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Hilo la 43 ndilo tunaloliendea sasa.

Wamakonde wa Kwale

Msumbiji ilipokuwa chini ya Wareno, wanaume walikuwa wakikamatwa kwa kazi ya lazima. Kwa hiyo mwajiri wa Kenya aliyelipa shilingi, hata kama ni chache, alionekana nafuu. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde walianza kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Vita vya ukombozi vilipoanza kwao mwaka wa 1964, wengine wakaja wakikimbia. Walijulikana kwa bidii na kwa mikono yao: walichonga vinyago vya mpingo ambavyo watalii walivinunua na kuvipeleka Ulaya. Kinyago kikapanda ndege, mchongaji hana kipande cha kumfikisha Mombasa bila wasiwasi.

Wenyeji wa Kidigo waliishi nao. Waliwaazima mashamba, wakaoana, wakazikana. Hayo ni ya kusifiwa. Lakini utani mkali ulikuwako pia, juu ya chale za usoni na ndonya za bibi zao, mpaka akina mama wakaacha kuwachanja watoto ili wasitambulikane.

Waliachwaje nje? Katiba ya uhuru ilisema aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Kenya, ni raia moja kwa moja. Wengine waliokuwa wakiishi hapa walipewa miaka miwili kuomba. Nani angekwenda kwenye kambi ya wakata miwa kuwasomea Katiba? Miaka miwili ikapita. Kwa watoto waliozaliwa baada ya uhuru, kuzaliwa katika ardhi ya Kenya kulitosha, hadi mwaka wa 1985 Katiba ilipobadilishwa na kutaka mzazi mmoja awe raia. Mabadiliko hayo yakarudi nyuma hadi 1963. Yaani mtoto alilala akiwa na haki, akaamka hana. Kisha kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na hata ile kazi iliyowaleta ikaisha.

Mtu asiye na kitambulisho katika Kenya hajui siku njema. Hawezi kufungua akaunti ya benki. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hata pesa za simu anazipokea kwa mgongo wa rafiki. Shamba alilolima baba yake haliwezi kuandikwa jina lake. Hapigi kura. Ajira ya maana haipati. Polisi wakifanya msako, yeye ndiye wa kwanza kupanda gari. Mtoto wake akikosa cheti cha kuzaliwa, anakwama wakati wa kusajili mtihani wa taifa. Walikuwako waliojiandikisha kwa majina ya Kidigo ili wapate kuishi. Fikirini hilo kidogo: mtu anakana jina la baba yake ili apate karatasi ya kusema yeye ni nani.

Mwaka wa 2011 ikapitishwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Iliwaruhusu watu wasio na uraia wa nchi yoyote, ambao wao au wazazi wao waliishi Kenya tangu 12 Desemba 1963, kuomba kuandikishwa kuwa raia. Muda uliowekwa ulikuwa miaka mitano. Miaka ikayoyoma, Wamakonde wangali mikono mitupu. Barua ziliandikwa, kamati zilikaa, wageni wakubwa walikuja wakapiga picha.

Oktoba 2016 wakaamua kwenda wenyewe. Watu wapatao 300, wazee, akina mama na vijana, walitoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais. Hawakuwa peke yao. Walifuatana na majirani na watetezi wa haki, yakiwemo mashirika kama Haki Centre ya Mombasa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya. Safari ilichukua siku nne. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, na akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mwanzoni mwa 2017 vitambulisho vya kwanza vikatolewa, na wao wakahesabiwa kabila la 43.

Msisahau kitu kimoja: kabla ya safari ilitangulia kazi isiyo na picha. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majina, nani mtoto wa nani, alizaliwa wapi, alifika lini. Orodha ndiyo iliyofanya agizo la Rais litekelezeke. Kama wangefika Ikulu na kilio tu, wangerudi na ahadi tu.

Wanubi wa Kibera na kamati za kuchuja

Wanubi hawakuja kutafuta kazi. Waliletwa. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, na mwanzoni mwa karne ya ishirini wakapewa pa kukaa kwenye msitu ulio nje kidogo ya Nairobi. Kwa Kinubi msitu ni kibra, na ndipo jina Kibera lilipotoka. Eneo lililotengwa lilizidi ekari 4,000, lakini hawakupewa hati. Kwa kuwa hawakuwa na rizavu, serikali iliwaandika kuwa Waafrika wasio na kabila. Miaka ikapita, ardhi ikapungua, estate zikajengwa moja baada ya nyingine. Hati waliyokabidhiwa mwaka wa 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Tofauti na Wamakonde, Wanubi wengi walipata vitambulisho, lakini kwa jasho. Kijana wa Kinubi alipotimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa ili achujwe. Jirani yake waliyesoma darasa moja, mwenye jina la kabila linalojulikana, alipeleka karatasi akaenda zake. Kijana wa Kinubi aliulizwa cheti cha babu. Akaambiwa rudi kesho. Kesho akaambiwa rudi wiki ijayo, na wakati mwingine akaonyeshwa kwa macho tu kwamba kuna kitu kidogo kinahitajika. Wasomali wa Kenya walionja hayo kwa ukali zaidi: mwishoni mwa 1989 serikali iliwataka wote wapekuliwe, hata waliokuwa na vitambulisho tayari, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kipande. Wananchi wengine hawakuulizwa.

Hapo ndipo neno ubaguzi linapofika mahali pake. Serikali ina haki ya kujua nani ni raia. Lakini kama raia mmoja anaulizwa maswali mawili na mwingine ishirini, kwa sababu ya jina, dini au pua yake, huo si usalama.

Wanubi walifanya mambo mawili. La kwanza, walikwenda kwa wakubwa wa Afrika. Kesi ya watoto wa Kinubi ilipelekwa mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya imevunja haki ya watoto hao ya kuwa na uraia na kutobaguliwa. La pili lilikuwa la chini, na mimi naliona kubwa zaidi. Shirika lao, Nubian Rights Forum, liliwafundisha vijana wa Kibera kuwa wasaidizi wa sheria. Hawa si mawakili. Ni watu wa mtaa waliojifunza fomu gani inatakiwa, sheria inasema nini, na namna ya kumsindikiza mama hadi ofisini bila kumgombeza karani. Waliandika kila kesi daftarini: nani alirudishwa, siku gani, kwa sababu gani. Mwaka wa 2019 serikali ilipoleta Huduma Namba, shirika hilo pamoja na wengine wakaenda Mahakama Kuu, wakihofia kwamba wasio na karatasi watafungiwa nje kabisa. Januari 2020 mahakama ikasema kazi hiyo isiendelee bila sheria ya kuilinda. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi agizo la kuondoa uchunguzi wa ziada kwa waombaji wa kaskazini.

Wengine waliofuata

Washona walikuja kutoka Zimbabwe, siku hizo ikiitwa Rhodesia, katika miaka ya 1960. Walikuwa wahubiri wa kanisa lao la Gospel of God, na walijulikana Nairobi na Kiambu kwa useremala na kusuka vikapu. Wengi walikaa miaka hamsini bila uraia wowote. Siku ya Jamhuri ya 2020 walitangaziwa habari njema pamoja na baadhi ya watu wenye asili ya Rwanda, na Julai 2021 wakapokea vyeti. Wapemba wavuvi wa Kilifi na Kwale, ambao bila kitambulisho walikosa leseni ya kuvua bahari waliyoizaliwa kando yake, walipokelewa Julai 2023.

Haya ni mema. Hata hivyo naomba vikundi vipime jambo hili: kwa nini lazima mtu atangazwe kuwa kabila ndipo awe raia? Kabila la 43, la 44, na kuendelea. Familia moja iliyotoka Kongo ikakaa hapa vizazi vitatu, na haina wenzake wa kufika mia tatu, itaandamana na nani? Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na baada ya miaka themanini bado tuliwahesabia siku. Katiba ya 2010 haimwulizi mtu idadi ya watu wa kabila lake. Ibara ya 14 inatazama kama baba au mama ni raia, na ibara ya 27 inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, asili ya jamii yake au kuzaliwa kwake. Iko pia Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo inakataza kumnyima mtu kazi, nyumba au huduma kwa sababu ya kabila au rangi yake.

Kazi ya kikundi

Vikundi vingi vitauliza, sasa sisi tufanye nini, na Ikulu ni mbali? Angalieni karatasi zinazotakiwa na msajili. Nyingi zinatoka mtaani: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, barua ya shule, barua ya chifu, vitambulisho vya wazazi. Na pale karatasi zinapokosekana, huitwa shahidi. Shahidi ni jirani. Mzee anayesimama na kusema, "Huyu namjua, mama yake alimzaa kwa mikono ya mkunga wetu, nikiwapo," anaweza kumaliza safari ya miaka ishirini. Mzee huyo huyo akinyamaza kwa sababu kuna mzozo wa shamba, au kwa sababu "hao wataongeza kura za fulani", mlango unafungwa. Tumeona yote mawili yakitokea.

Kwa hiyo anzeni na watoto. Mtoto akizaliwa nyumbani, msaidizi wa chifu aarifiwe mapema ili kuzaliwa kwake kuandikwe. Kuandikisha aliyekwisha kuwa mkubwa ni kazi nzito mara kumi. Makanisa na misikiti ifungue madaftari ya zamani, maana jina lililoandikwa mwaka wa 1952 linaweza kuwa ndilo ushahidi pekee uliobaki. Walimu wasingojee darasa la mtihani ndipo waulize vyeti. Wala msimshauri mtu atumie jina la kabila jingine ili apite haraka. Ni kosa la jinai, na likigunduliwa hata haki aliyokuwa nayo inaweza kumponyoka.

Mkikutana mara ya pili, jibuni maswali haya bila kukimbia. Katika mtaa wenu ni familia gani ambazo bado huitwa kwa jina la walikotoka, na wao wenyewe hujiitaje? Utani gani mnaowatania, na je, mmewahi kuwauliza kama wanaupenda? Kama mmoja wao angeitiwa shahidi kesho asubuhi, nani katika kikundi hiki angekwenda? Mwandishi wa kikundi aandike majina ya watakaokubali katika daftari, pamoja na miaka waliyoifahamu familia ile, na daftari liwekwe kwa mweka hazina pamoja na kitabu cha michango.